Mshenga wa Samoni

Mimi ni mstaafu. Nina miaka ishirini na saba. Najua mtacheka, na chekeni kabisa, lakini mtu aliyesimamishwa mbele ya wenzake, akasomewa hotuba, akakatiwa keki na kupewa saa ya ukutani, huyo amestaafu, hata kama ofisi ina maneno yake marefu ya kusema kwamba nafasi yako haipo tena. Saa yenyewe ina picha ya samaki, na mkia wake ndio mshale wa dakika. Inachelewa. Nimeitundika juu ya kitanda changu hapa Nechells, Birmingham, na kila nikiamka samaki yule bado anakazana kupanda.

Nawaandikia nyinyi wadogo zangu mnaojitolea kwenda mtoni Jumamosi, wa msikitini Alum Rock na wa kanisani Perry Barr. Najua Kiswahili mnakisikia vizuri na mnajibu kwa Kiingereza. Ndiyo maana nimeamua kuandika: kwenye karatasi hamna pa kunijibia. Mshahara sitausema, maana ulikuwa mdogo, na cheo sitakitaja, maana kilikuwa kirefu. Nitasema kazi.

Kazi yetu ilikuwa kulinda samoni. Kwa asiyejua, samoni ni samaki anayezaliwa mtoni, juu kabisa kwenye changarawe na maji baridi, kisha hushuka baharini kula na kunenepa. Akishakomaa anarudi mto uleule aliozaliwa, anapanda mpaka kwenye changarawe ileile, azae. Njiani hali chochote cha maana, anaishi kwa mafuta ya mwilini mwake tu. Basi mtu akimzuia njiani, ni kama kumzuia mjamzito nje ya hospitali kwa sababu mlinzi ameenda kunywa chai. Zamani mito ya huku ilijaa samoni. Siku hizi katika mito mingine wamebaki wachache mno, na kijito kimoja cha namna hiyo, kinachomwaga maji yake kwenye mto Severn, ndicho tulichopewa sisi.

Ofisi ilikuwa Birmingham. Msiniulize kwa nini. Kijito kipo mbali magharibi, karibu na milima ya Wales, na sisi tulikuwa Nechells, kwenye ghala lililopakana na duka la ekseli za magari. Samoni wa karibu zaidi alikuwa ndani ya mkate wa mhasibu wetu, saa ya chakula cha mchana. Mto tuliokuwa nao ni Rea, unaopita kwenye mfereji wa zege, na humo nimeona toroli za supamaketi zikiwa zimejipanga kana kwamba nazo zinakwenda juu kuzaa.

Siku ya kwanza nilipewa koti, kikombe na mafunzo. Nilifunzwa kukaa kwenye kiti, kubeba boksi bila kuumia mgongo, na kushuka ngazi huku nimeshika reli. Samaki hakutajwa. Nilipouliza, bwana wa mafunzo alitazama kompyuta yake akasema samaki ni sehemu ya pili. Sehemu ya pili haijafika mpaka leo.

Aliyenifundisha kweli ni watu wawili. Wa kwanza ni mkuu wangu, Dada Achieng, Mkenya wa Kisumu, daktari wa samaki. Si wa kuwatibu, wa kuwasoma. Mimi ni mtu wa Tanga na shule yangu niliiacha mapema, lakini hakuwahi kunisomesha kwa kiburi. Alinikalisha mbele ya skrini. Kule kwenye kijito kuna ukuta wa zamani unaokatiza maji, na pembeni yake kuna ngazi ya samaki, yaani vijidimbwi vilivyopangwa kama vipandio, maji yakishuka samaki naye anaruka kimoja hadi kingine. Juu kabisa kuna kamera, na chini kwenye dimbwi kuna nyingine. Kazi yangu ilikuwa kutazama na kuandika nani kapita.

Wiki ya kwanza nikamwita mbio. "Dada Achieng! Samoni! Mkubwa!"

Akaja, akainama, akatazama. "Mbwana."

"Naam."

"Hiyo ni paper bag ya supermarket."

"Lakini anapanda, dada."

"Anapanda ndiyo. Sasa huyo anaenda kutaga nini? Risiti?"

Baadaye nikajua. Nikamjua samoni, nikamjua trauti anayefanana naye, nikamjua fisi maji anayekuja kula bila aibu mbele ya kamera ya serikali.

Mwalimu wa pili ni Mzee Glyn, mtu wa Wales, mlinzi wa kijito, aliyekaa mtoni mpaka masikio yake yakawa na rangi ya matofali. Alinipa ovaroli la mpira linalofika kifuani na miwani ya kuua mng'ao wa maji. Wadogo zangu, kama mnaweza kununua kitu kimoja tu, nunueni miwani hiyo. Bila miwani unaona mawingu juu ya maji. Ukiivaa, mawingu yanaondoka na chini yake kuna wakazi. Siku ya kwanza nilipoivaa nilimwona samoni jike amelala kando ya jiwe, anapumua polepole, na nikatokwa na machozi ndani ya miwani. Glyn akaniambia ni upepo. Hakukuwa na upepo.

Sheria ya mto wetu ilikuwa kwamba wavuvi wa ndoano wakimpata samoni, lazima wamrudishe majini akiwa hai, bila kumtoa nje kwa muda mrefu. Nikatumwa kuwaelimisha watu wangu. Nikaanzia Alum Rock, sebuleni kwa shangazi yangu, Bi Mwanaidi, siku amejaza wageni. Nikaeleza vizuri na picha. Mzee mmoja wa Pemba aliweka kikombe chini.

"Ngoja. Unamvua?"

"Ndiyo, mzee."

"Unamshika, unampiga picha?"

"Haraka haraka, ndiyo."

"Halafu unamrudisha. Na hiyo leseni ya kumshika umelipa?"

"Umelipa, mzee."

Akawageukia wenzake. "Huyu samaki sasa ni mheshimiwa. Watu wanapanga foleni wapige naye picha, kisha anaondoka zake."

Walicheka mpaka chai ikamwagika. Lakini niseme ukweli, hakuna hata mmoja wao aliyeenda kuvua kule.

Sasa nifike kwenye kesi ngumu, maana ndiyo inayonifanya niandike.

Vuli moja mvua haikunyesha. Birmingham ikae bila mvua! Watu Perry Barr walikuwa wanatembea na miavuli kwa mazoea tu, imefungwa. Kule kwenye kijito maji yalishuka, na ngazi ya samaki ikakauka. Siyo kwamba maji hayakuwepo kabisa. Yalikuwepo juu ya ukuta, nyuma ya lango la chuma. Lango lile ni la kinu cha zamani cha kusagia nafaka, na mwenye kinu, Bwana Prosser, ana haki ya maji yale tangu enzi za mababu zake. Hasagi tena. Kinu amekigeuza ukumbi wa harusi. Na mabibi harusi wanapenda kupigwa picha kando ya bwawa lililojaa, gurudumu la kinu likionekana kwenye maji kama kwenye kioo. Kwa hiyo lango limefungwa, bwawa limejaa, na ngazi imekauka.

Chini ya ukuta, kwenye dimbwi, walikuwa wanasubiri samoni wetu. Nilikuwa nawaona kwenye kamera, wamejipanga, vichwa vyao vyote vimeelekea juu. Mara mmoja anajaribu, anaruka, anajigonga kwenye ukuta, anarudi. Kulikuwa na jike mmoja aliyejigonga sana mpaka pua yake ikachubuka ikawa nyeupe. Nikamwita Bi Pua Nyeupe. Dada Achieng alikuwa amekataza kuwapa majina samaki, akisema si sayansi. Lakini kila asubuhi alipoingia, kabla ya kuvua koti, aliuliza, "Pua Nyeupe ako?"

"Ako, dada."

"Bado anaruka?"

"Anaruka."

Glyn alitupigia simu, akasema wakikaa pale mpaka wiki ijayo watachoka, watamwaga mayai kwenye tope, na mayai hayatatoka kitu. Dada Achieng aliposikia akanieleza kwa maneno mafupi. Kijito kile samoni wake ni wachache hivi kwamba hatuwezi kupoteza msimu mzima. Wakipotea hawa, miaka ijayo hakuna watakaorudi, maana hakuna watakaokuwa wamezaliwa.

Na sisi ofisini tulikuwa tumefanya nini? Tulikuwa tumefanya mengi! Tulimwandikia Bwana Prosser barua, zote zikianza "Mpendwa Mdau". Tulimwalika kwenye warsha ya wadau, hapa Birmingham, kuhusu mto unaopita mlangoni kwake. Hakuja. Makao makuu wakatoa kipeperushi chenye samoni anayetabasamu. Kuhusu lango, walisema suala litaingizwa kwenye kikao cha robo ijayo ya mwaka. Dada Achieng akawauliza kama kuna mtu anaweza kuwajulisha samoni. Wakaandika swali lake kwenye kumbukumbu za kikao.

Jumapili nilienda kwa shangazi, nikashindwa kula. Bi Mwanaidi akikuona huli, hakuachi.

"Una nini wewe? Umefukuzwa kazi?"

"Siyo mimi, shangazi. Samaki."

Nikamweleza yote. Sasa lazima mjue kwamba shangazi yangu ndiye mshenga wa Waswahili wa Birmingham. Nusu ya ndoa mnazoziona, yeye ndiye aliyekwenda kuziposa, pamoja na ndoa za wazazi wa baadhi yenu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Nani kaenda kuwasemea?"

"Barua zimeenda, shangazi. Nyingi."

"Zimepelekwa na nani?"

"Na posta."

"Na posta!" Akavuta mtandio kana kwamba nimemtukana. "Yaani mnataka mtu afungue mlango wa nyumba yake, na barua mnaitupa kwenye sanduku? Barua ya posa inakwenda kwa miguu, baba. Inafungwa kwenye kitambaa. Inakwenda na mtu mzima, na sinia. Na jina la baba mwenye nyumba limeandikwa, siyo mpendwa nani sijui."

"Shangazi, hii siyo posa."

"Bi harusi katoka safarini, anataka kwenda kwao azae, mwanamume kafunga mlango. Sasa niambie hiyo ni nini. Kodi ya gari?"

Jumatatu nikampelekea Dada Achieng hoja hiyo, nikitegemea atacheka. Hakucheka. Alisema ili shangazi yangu aende mtoni kwa niaba ya ofisi, lazima tujaze fomu ya tathmini ya hatari. Tukaijaza. Hatari: shangazi. Atakayedhurika: mwenye kinu. Namna ya kupunguza hatari: sambusa. Akaisoma, akaichana, akasema, "Alhamisi wewe uko likizo. Mimi sijui kitu. Unaenda kutembea na shangazi yako." Halafu akachukua karatasi nyeupe, akaandika barua kwa mkono wake, inaanza na jina la Bwana Prosser, na ndani hakuna neno "mdau". Shangazi aliifunga kwenye kitambaa cheupe kilichotariziwa maua, kile anachokitumia kwa familia zenye masharti magumu.

Alhamisi tukapanda treni stesheni ya New Street, shangazi na buibui lake jeusi na raba nyeupe, sinia limefunikwa kawa mapajani. Glyn akatupokea na gari lake lenye harufu ya mbwa. Kinu kilikuwa kizuri, sitasema uongo, na ndani walikuwa wanapamba, maana Jumamosi kulikuwa na harusi. Bwana Prosser alitoka nje akatuona: mama mtu mzima mwenye sinia, kijana aliyechana nywele, na barua iliyofungwa kwa kitambaa. Uso wake ukanawiri.

"Karibuni sana! Mnaoa lini?"

Nikafungua mdomo nieleze. Shangazi akanikanyaga mguu. Kiingereza anakijua vizuri, amefanya kazi ya kutunza wazee huku miaka mingi, lakini posa hufanya kwa Kiswahili, akisema ndiyo lugha yenye nafasi ya kukaa. Mimi nikawa mkalimani.

Tukakaribishwa ndani, tukakaa, na kwanza shangazi hakusema chochote kuhusu jambo lililomleta. Aliuliza habari za nyumba. Akauliza kama Bwana Prosser ana mama. Anaye, yuko ghorofani, goti linamsumbua. Shangazi akaomba apandishiwe sambusa kabla ya mtu mwingine kula, na akatoa mkobani chupa ya mafuta ya karafuu, akaeleza namna ya kuchua. Bwana Prosser akaandika maelezo nyuma ya menyu ya harusi. Nusu saa nzima hatujafika kwenye maji, na mimi najua kule chini wanajigonga.

Hatimaye Bwana Prosser akauliza mwenyewe. "Na bi harusi ni nani?"

"Ni binti wa hapahapa," shangazi akasema nami nikatafsiri. "Kazaliwa hapo juu tu, kupita nyumba yako. Alikwenda mbali, kavuka bahari. Sasa karudi, anataka kwenda kwao."

Bwana Prosser akashika kifua. "Karudi kufunga ndoa nyumbani? Mbona vizuri hivyo! Yuko wapi?"

"Yuko nje. Mlangoni kwako. Kazuiliwa."

Alinyanyuka palepale kwa hasira. "Kazuiliwa na nani?" Akatoka mbio mpaka kwenye gari, akamkuta Glyn amejaza mdomo sambusa. Wakatazamana.

Shangazi akamfuata, akamshika mkono kama anavyowashika wakwe wakaidi, akamshusha taratibu mpaka chini ya ukuta. Akaninyooshea kidole. Nikavua miwani yangu nikampa. Mtu yule amekaa na ukuta ule maisha yake yote, na maji aliyokuwa anayatazama ni ya upande wa juu, upande wa picha. Alivaa miwani. Akainama juu ya dimbwi. Kisha Bi Pua Nyeupe akatoka majini, mzima mzima, akajigonga kwenye zege kwa kishindo tulichokisikia wote, akaanguka ubavu.

"Huyo ndiye," shangazi akasema, safari hii kwa Kiingereza.

Bwana Prosser alivua miwani, akaipangusa, ingawa haikuwa na maji. Nilidhani atatufukuza. Badala yake akasema kwa sauti ya chini, "Nimemwahidi msichana wa Jumamosi bwawa limejaa. Kalipigia picha mara ngapi sijui. Nikifungua, litakuwa tope."

Hapo nikaona kwamba si mtu mbaya. Alikuwa anatunza ahadi yake kwa bi harusi mmoja, na hakujua kama yuko mwingine.

"Mpigie," shangazi akasema. "Mwambie kuna mwenzie nje."

Akapiga, akaweka sauti kubwa. Msichana akapokea upande wa pili, kuna kelele za mashine ya kukaushia nywele. Akaelezwa.

"Wanaruka?" akauliza. "Kweli wanaruka, juu kabisa?"

"Wanaruka."

"Basi subirini! Msifungue mpaka Jumamosi! Tufungue sisi, baada ya viapo, wageni wote wakiwa darajani, na muziki!"

Glyn akafumba macho. Bwana Prosser akamtazama shangazi kwa matumaini, maana suluhu ile ilimpendeza kila mtu isipokuwa samaki. Shangazi akachukua simu.

"Mwanangu," akasema, "hongera sana. Mungu akujaalie. Sasa nikuulize. Wewe mwenyewe na gauni lako ungefika mlangoni leo, wakakwambia usimame nje mpaka Jumamosi, watu wengine wapate picha, ungekubali?"

Mashine ya nywele ikazimwa.

"Si ningelia," msichana akasema.

"Huyu hana hata machozi, yuko majini. Mfungulie."

Msichana akauliza: "Watabaki wawili watatu wa Jumamosi?"

"Wavivu hawakosekani kwenye harusi yoyote," shangazi akasema.

"Haya. Mwambie Bwana Prosser afungue. Nitavaa mabuti."

Usukani wa lango ulikuwa umeshika kutu. Glyn akaumwagia grisi, Bwana Prosser akausukuma kwa bega, mimi nikasukuma pamoja naye, na shangazi akausomea. Ukalia, ukakubali. Maji yakaingia kipandio cha kwanza, cha pili, yakashuka mpaka kwenye dimbwi, na vile vichwa vyote vikageuka pamoja kuelekea sauti ile.

Kesho yake asubuhi ofisi nzima ilijazana nyuma ya kiti changu, pamoja na mhasibu na mkate wake, ambao kwa adabu siku ile aliweka jibini. Wakaanza kupita. Mmoja. Wawili pamoja. Dume lenye taya lililopinda. Dada Achieng alikuwa anahesabu kwa Kiluo, na sikuwahi kumsikia akihesabu kwa Kiluo. Nikampigia shangazi simu ya video, naye akapiga vigelegele mpaka watu wa duka la ekseli wakaja kuuliza kama tumeshinda tenda.

Bi Pua Nyeupe hakuonekana. Ijumaa ikapita. Nikalala vibaya. Jumamosi jioni Bwana Prosser akatuma picha: bi harusi amesimama kando ya ngazi, gauni limeshikwa juu, mabuti yana tope, anacheka kinywa wazi. Nyuma ya bega lake kuna samaki hewani, na pua ya samaki ni nyeupe. Jumatatu nikarudisha kanda ya kamera ya juu. Alipita. Hata hakutazama kamera.

Mayai yaliwekwa kwenye changarawe, Glyn aliyaona mashimo yake. Makao makuu wakaandika kwamba mkakati wa kushirikisha wadau umezaa matunda, na kwa kuwa mradi umefaulu, hauhitajiki tena. Kama tungeshindwa, tungekuwepo mpaka leo. Ndipo ikaja ile keki. Ilikuwa na umbo la samoni, na hakuna aliyekubali kukata kichwa. Dada Achieng amepata kazi Nairobi, anatusalimu. Kamera wamezing'oa.

Kwa hiyo wadogo zangu, msimu huu hakuna ofisi, hakuna fomu, hakuna skrini. Mko nyinyi wa Jumamosi, Glyn, na miwani yangu nitakayowaachia. Na yupo Bwana Prosser, ambaye hajampigia mtu wa serikali hata siku moja, lakini jana alimtumia shangazi ujumbe wa sauti: wameanza kufika, na lango lipo wazi.

Namba yake anayo shangazi. Vuli ikiwa kavu tena, mpigieni. Msianze na samaki. Anzeni na goti la mama yake.